Irony Maana Yake Chuma

Jumatatu, 14 Julai 2025

Raudha ameniuliza tena maana ya "irony". Mara ya kwanza ilikuwa Aprili. Nikajibu, akaandika, yakaisha. Leo ameuliza akiwa amesimama, daftari wazi mkononi, na uso wa mtu ambaye jibu keshalipata kwingine.

Raudha yuko Kidato cha Nne. Anakaa dawati la mbele, upande wa dirishani, na anataka kuwa mwanasheria. Haongei sana. Anaandika kila kitu, na tarehe juu. Mwalimu anayelijua somo lake angempenda mtoto huyu. Mie naanza kumwogopa.

Anasema binamu yake anayesoma Sinza kamwambia irony ni mambo kwenda kinyume na yalivyotarajiwa, au mtu kusema hivi akimaanisha vile.

"Sasa mwalimu, sie tuliandika ni ugumu wa tabia ya mhusika, kama chuma. Ipi sahihi?"

Nikasema zote. Nikasema inategemea na shule. Kengele ikalia kabla hajauliza la tatu.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Mie ni mwalimu wa Jiografia. Mwezi Machi, Mwalimu Stanley wa Literature alipohamia Mwanza, mkuu wetu wa shule, Madam Genoveva, alisimama kikaoni akauliza nani kasoma Literature chuoni. Darasa lile lina wanafunzi kumi na mmoja. Jiografia wako mia na arobaini. Nikaliona rundo la madaftari ya kusahihisha. Nikaona lingine, dogo, la kumi na mmoja. Nikasema mie nimesoma. Hakuna aliyeniomba cheti.

Stanley aliacha karatasi yenye istilahi kumi na nne. Maana zake hakuandika, alikuwa nazo kichwani. Mie nikazifasiri kwa masikio. Plot nikasema ni kiwanja, maana hapa Boko neno hilo halina maana nyingine. Climax nikasema ni hali ya hewa ya hadithi, na hapo nilijiamini kabisa, ni fani yangu. Alliteration: kutojua kusoma na kuandika. Protagonist: mwandamanaji. Personification: kosa la kujifanya mtu mwingine, kwa mfano daktari feki. Irony: chuma. Na pia nguo iliyonyooshwa.

Jioni nimejifungia chooni na simu, nikazitafuta zote. Kumi na moja ni makosa. Mbili zimekaribia. Moja, "dialogue", niliipata.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Widad, mke wangu, amegonga mlango akauliza kama tumbo linasumbua. Nikasema ndiyo. Wala sikudanganya.


Jumanne, 15 Julai

Tangazo kwenye ubao wa ofisi ya walimu: Jumanne ijayo atakuja mthibiti ubora wa shule, Bwana Godlisten. Atakaa ndani ya vipindi vya Kidato cha Nne. Nimelisoma mara tatu nikidhani labda ni shule nyingine.

Nimepata mpango. Watu wamezoea kusikia mtaala umebadilika. Basi nimeingia darasani, nikaweka mikono nyuma, nikasema kuanzia wiki hii maana za istilahi zimebadilika.

Twalib wa nyuma akauliza kama plot bado ni kiwanja. Nikasema si kiwanja tena. Akauliza kama kimeuzwa. Darasa zima likacheka. Raudha hakucheka. Aliuliza nani kabadilisha. Nikasema wahusika. Akauliza wahusika wakuu au wadogo.

Nilianza kutoa maana mpya. Nilipofika ya tatu nikaona Raudha haandiki. Amekunja mikono. Mtoto huyu hajawahi kutoandika.

Saa saba nikaitwa ofisini. Raudha alikwenda kwa adabu zake zote kuomba kuuona waraka wa mabadiliko. Madam Genoveva anafundisha Hisabati, anapenda kitu kionekane. Akaniambia nimpe nakala. Nikasema uliletwa kwenye grupu la WhatsApp. Akasema basi nimrushie. Nikasema aliyetuma amefuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama.

"Wewe Jabiri."

Basi. Bora angefoka.

Madam Apolonia alikuwa pale, anapanga chaki. Huyu ni mwalimu wetu wa Kiswahili, mama wa Songea, karibu anastaafu. Mie na yeye tuna ugomvi wa meza. Mwaka jana alipolazwa mwezi mzima nilihamia meza yake, iliyo chini ya feni. Aliporudi hakusema kitu. Alichukua vitabu vyangu kimoja kimoja akavipeleka kwenye meza yangu ya zamani, pembeni ya jaba la maji. Tangu hapo namwamkia shikamoo kwa sababu ya umri tu.

Tulipotoka akaniambia, "Baba, kama kuna kitu kinakusumbua kwenye somo, uliza. Kuuliza hakuumi."

Nikamwambia hakuna kitu. Yeye na Kiswahili chake, ataniambia nini kuhusu fasihi ya Kiingereza?


Jumatano, 16 Julai

Usingizi wa mang'amung'amu. Nimeota Bwana Godlisten, simjui hata sura, ananiuliza alliteration na mie nashindwa kusoma swali.

Mpango mpya. Ushahidi wote uko kwenye madaftari kumi na moja. Nimeyakusanya, nikasema naenda kusahihisha. Wote wametoa. Raudha alilishika la kwake kidogo, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Amelifunika kwa nailoni.

Nyumbani nimeyafungua. La Twalib lina picha yangu nimekaa juu ya kiwanja, na ua wa makuti. La Raudha limenikausha mate. Mwandiko kama wa kitabu. Kila istilahi imepigiwa mstari kwa rula, kisha maana, kisha tarehe, kisha kwenye mabano: Mw. Jabiri.

Kumi na nne. Kila moja na jina langu. Nimefunga daftari nikakaa nalo mapajani muda mrefu. Sijawahi kuona hati ya mashtaka, lakini nadhani hukaa hivyo.


Alhamisi, 17 Julai

Widad alikwenda dukani kwa baba yake asubuhi. Nikaaga shuleni kwamba nitachelewa. Nikachukua beseni, nikajaza maji, nikayazamisha yote kumi na moja. Nitasema bodaboda iliteleza tukaingia mtaroni.

Nilikuwa sijui jambo moja kuhusu kalamu ya bik: wino wake hautoki. Nusu saa nzima. Karatasi zilivimba lakini maneno yako palepale. "Plot is a kiwanja." Nikatia sabuni ya unga. Nikakoroga na mwiko. Povu likapanda, maneno yakang'aa.

Muda ukaniishia. Nikaficha beseni nyuma ya tangi la maji, nikakimbilia shuleni, nikawapa darasa habari mbaya kwa uso wa msiba. Twalib alisema pole mwalimu. Wawili walishika vichwa. Raudha aliuliza kama niliumia. Nikasema kidogo, goti. Akauliza goti gani. Nikasema la kushoto. Akauliza jina la dereva. Nikasema Bakari. Hapa mjini wako Bakari wengi, angalau hapo nilijihami.

Ofisini Apolonia akauliza ni mtaro gani, maana toka Juni haijadondoka hata tone. Nikasema ni mtaro wa maji machafu. Akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Nimeshinda nikichechemea. Mchana nikasahau ni goti gani.


Ijumaa, 18 Julai

Nimetoka msikitini nimetulia moyo kidogo. Saa tisa kasoro nikaitwa kwa Madam Genoveva. Nikaingia. Kwenye kiti cha wageni amekaa Widad, na kikapu.

Ndani ya kikapu madaftari kumi na moja. Makavu. Yamenyooka.

Mke wangu aliyakuta nyuma ya tangi jana jioni. Akaniona nachechemea. Akajua nimepata ajali, na kwamba nimemficha ili asihangaike. Leo asubuhi akayaanika kwenye kamba, kisha akachukua pasi akayanyoosha ukurasa kwa ukurasa, juu yake kaweka kanga ili yasiungue. Kazi ya muda wa saa nne. Vidole vyake vimebabuka. Alikuwa anamweleza Madam haya yote kwa furaha, na akaniangalia kama mtu aliyemletea mwenzie zawadi.

"Mume wangu mpole mno," akasema. "Shida zake huwaga hasemi."

Madam akamshukuru. Akawa anafunua daftari la Raudha taratibu. Kurasa zikalia kama noti mpya. Nikasikia harufu ya sabuni mpaka nilipokaa. Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausoma, akaurudia. Kisha akalifunga.

"Mwalimu," akasema, "Jumanne mthibiti ataanza na wewe. Nimeshamwambia Literature ndiyo fahari yetu."

Tulirudi nyumbani na Widad kwa miguu. Tukafika karibu na lango. Akasema yeye mwenyewe alisoma Literature Kidato cha Nne, alipata B. Akauliza kiwanja kimeingiaje mle. Nikasema ni maana ya zamani. Akauliza kama nataka anielekeze mawili matatu.

Baba yake, Mzee Matar, alinikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sababu, alisema, mwalimu ni mtu mkweli. Siku hizi anawatangazia wateja dukani kwamba mkwewe anafundisha fasihi ya Waingereza. Nikamfikiria yule mzee. Nikamwambia Widad sihitaji, najua ninachokifanya. Akaingia ndani. Amekula peke yake.


Jumapili, 20 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala chali nafikiri. Kufikia alasiri nilikuwa nimepata: mwalimu asiye na sauti hafundishi.

Kuipoteza sauti kunahitaji kupiga kelele, na Boko majirani wamebanana. Leo nimekwenda Mbezi Beach, nikasogea mbali na watu, nikayaelekea maji, nikapiga kelele kwa muda wa saa nzima. Sikuwa na cha kupigia kelele, kwa hiyo nilizitaja istilahi. Mlinzi wa hoteli akaja kuniuliza kama kuna mtu anazama. Nikasema hapana. Akauliza mbona namwita Simile.

Sauti haikukwaruza. Imefunguka. Nimekuwa kama mwadhini.

Nikageuka kuondoka. Kuna mama anakaanga mihogo na kachori chini ya mwavuli. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama sana, akasema, "Wewe siye Mwalimu Jabiri? Mie Huda, mama yake Raudha. Nilikuona kikao cha wazazi."

Miguu ilitaka kukimbia. Nikabaki.

Akanifungia kachori kwenye gazeti, akanikataza kabisa kugusa mfuko. Akasema mwanawe ananitaja kila siku. Jioni yeye akimenya mihogo, Raudha humsomea yale maneno ya Kiingereza na maana zake, na yeye ameshika karibu yote. Akaanza kunihesabia kwa vidole vyenye unga. Plot, kiwanja. Climax, hali ya hewa. Mteja mmoja akawa amesimama anasikiliza kwa heshima.

"Na ile aliterasheni," akasema. "Kutojua kusoma. Hiyo ndiyo sikuisahau toka siku ya kwanza. Ni mie hiyo, mwalimu." Akacheka, akageuza mihogo.

Nikasema ahsante kwa kachori. Nimezibeba mpaka kituoni na kutoka kituoni mpaka nyumbani. Hazikushuka. Nimempa Widad.

Ningeweza kumwambia palepale. Mdomo ulikuwa wazi, na sauti, kama nilivyosema, nilikuwa nayo nyingi.


Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda shuleni na kitambaa shingoni. Nikamwandikia Madam Genoveva kwenye karatasi: sauti imekwenda, daktari kasema siku nne, naomba kipindi cha kesho kiahirishwe.

Akasoma. Akasema pole. Akasema hakuna haja ya kuahirisha, atakishika Madam Apolonia.

Nikaandika haraka: Yeye ni wa Kiswahili. Kalamu ikatoboa karatasi.

Apolonia alikuwa chini ya feni yake, anakunywa chai. Akasema hana neno, atajaribu. Akasema mie nikae nyuma na mgeni, nimsaidie kama atakwama. Madaftari alishawarudishia wanafunzi Madam Genoveva mwenyewe, akawaeleza mke wangu alivyoyapiga pasi.

Siku nzima sijasema neno. Ukinyamaza unaisikia vizuri hofu yako. Nyumbani sikuthubutu kumdanganya Widad, nikaongea kawaida. Akauliza kitambaa cha nini. Nikasema upepo.


Jumanne, 22 Julai

Nitayaandika yalivyotokea.

Bwana Godlisten ni mrefu, mkimya, ana daftari jeusi na kalamu mbili. Tulikaa benchi la nyuma, magoti yetu yanagusana. Niliogopa atasikia moyo.

Apolonia aliingia na chaki tu. Hakuwa na kitabu. Akaandika ubaoni: tashibiha. Akauliza ni nini. Darasa zima likajibu kwa pamoja, kama wimbo: kulinganisha vitu viwili kwa maneno kama "kama" na "mithili ya". Walikwisha kufundishwa naye toka Kidato cha Pili. Pembeni ya tashibiha akaandika simile. Akasema ni ileile, imevaa suti.

Sitiari: metaphor. Tashihisi, kukipa kitu kisicho uhai matendo ya mtu: personification. Chuku: hyperbole. Mhusika mkuu: protagonist. Msuko: plot. Kilele: climax. Mandhari: setting. Hata takriri ya sauti, ambapo maneno yanayofuatana yanaanza kwa herufi moja: alliteration. Akawapa "kuku wa Kaka Kakoko" na Twalib akaongeza lake. Watoto walikuwa wanarusha mikono hewani. Dakika ishirini na tano. Miezi minne niliyoiharibu, dakika ishirini na tano.

Na mie nilikuwa nazijua. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilizisoma shule zote, sitiari niliwahi kuipata mtihanini. Hakuna aliyewahi kuniambia sitiari na metaphor ni mtu mmoja.

Akafika kinaya. Akaandika irony pembeni yake. Akaomba mfano kutoka kwenye maisha. Raudha akasimama.

"Mtu analoweka madaftari ili yasisomeke," akasema, pole pole, kama anasoma. "Anasema yametumbukia mtaroni. Mkewe kwa kumpenda anayapiga pasi. Yanarudi yanasomeka kuliko mwanzo. Na yananukia sabuni ya unga, ambayo mtaroni haipo."

Apolonia alishika chaki hewani. Bwana Godlisten akacheka kwa pumzi, akaandika, akauliza kwa upole mfano huo umetoka kitabu gani.

"Si wa kitabuni, mwalimu," Raudha akamjibu. "Ni wa hapahapa."

Hakunitazama. Angenitazama labda ningevumilia.

Nikasikia mtu anasema, "Haikuwa hivyo."

Sauti safi, nzito, imejaa chumba. Vichwa kumi na moja vikageuka. Bwana Godlisten akageuka. Ilikuwa ya kwangu.


Jumatano, 23 Julai

Nimekiri. Ofisini, mlango umefungwa, Madam Genoveva na miwani yake, Bwana Godlisten na daftari lake. Nimesema yote: Machi, karatasi ya Stanley, mtaala, beseni, koo. Nilidhani nitafukuzwa hapohapo, nikawa namwona Mzee Matar anawatangazia wateja toleo jipya.

Sikufukuzwa. Nina barua ya onyo. Narudi Jiografia, wote mia na arobaini. Literature anachukua Apolonia mpaka Novemba, na Jumamosi atawaongezea vipindi. Mie nimekabidhiwa pia ufunguo wa maktaba, ambayo ni chumba kimoja chenye makabati manne na popo.

Madam akaniambia jambo moja la mwisho. "Mwalimu, ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Neno moja tu. Mie nalisema kila siku na bado ni mkuu wa shule."

Kisha nikaenda kuwaomba radhi wanafunzi. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilisimama mbele yao na maneno niliyoyapanga yote yakakimbia. Nikasema nilikuwa sijui, nikajifanya najua, na kila walichoandika chenye jina langu wakifute. Twalib akasema yaliyopita si ndwele, halafu akajiona mkubwa, akakaa. Wengine wakatazama meza.

Raudha alinifuata nje. Akasema kwenye mock, mtihani wa majaribio, aliandika climax ni hali ya hewa, akaeleza na mvua za masika, akapata sifuri. Swali zima.

"Nilijua mie ndo mjinga," akasema. "Nikawa nayasoma tena na tena."

Nikamuuliza kuhusu mama yake.

"Nimemwambia jana aliterasheni ni kitu kingine kabisa. Kafurahi. Alikuwaga anadhani neno hilo wamemtungia yeye."

Akarudi darasani. Nikabaki kwenye veranda mpaka kengele.

Jioni nimemweleza Widad. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakugomba. Alivitazama vidole vyake, akauliza tu kwa nini sikumuuliza yeye, na alikuwa chumba cha pili.


Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi nimejizoeza mbele ya kioo. Sijui. Sijui kwa kweli. Samahani, hilo silijui. Linatoka vizuri, halikwami popote. Nimeliandika kwenye kikaratasi nikaweka mfuko wa shati. Mwanzo mpya. Nimemwamkia Madam Apolonia kwa moyo, akanikaribisha nivute kiti upande wa feni.

Saa nne nilikuwa maktaba nafuta kinyesi cha popo. Raudha akaja. Shikamoo, marahaba. Akasema katumwa na Madam Apolonia kutafuta anthology, akauliza zinakaa kabati gani.

Neno nilikuwa nalo tayari. Nililihisi kwenye ulimi. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na lile daftari lake, kalamu iko wazi, ananisubiri mie mwalimu wake.

Nikasema anthology ni elimu ya sisimizi. Kabati la Baiolojia, rafu ya chini.

"Mwalimu, una uhakika?"

Nikasema kabisa.

Alipiga magoti akatafuta kwa robo saa, na mie nikachungulia simu: anthology ni mkusanyiko wa mashairi au hadithi. Akarudi na vumbi puani, akasema hakuna. Nikasema basi imeazimwa. Akauliza na nani. Nikasema na Madam Apolonia.

"Lakini yeye ndiye aliyenituma."

Nikasema atakuwa kasahau, umri ule.

Raudha akaangalia saa ya ukutani, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Nimemwona dirishani anakatiza uwanja kuelekea ofisi ya walimu. Hakukimbia. Sasa anarudi, na Madam Apolonia yuko naye.

Nimefunga mlango kwa ndani. Viatu vyao vinasikika kwenye veranda. Lakini nimeshapata la kusema: zilikuwepo nyingi tu, zimeliwa na mchwa.